Karani wa Kuhakiki

Wanaomkumbuka Karani pale mjini Kabati siku hizi wanamkumbuka kwa jambo ambalo hakulifanya, na hilo linanikera kiasi kwamba nimeshindwa kuendelea kunyamaza. Mtaje kwenye hoteli ya chai na utasikia mtu akiuliza, "Yule mama wa majina yaliyopotea?" Halafu kikombe kinawekwa mezani na mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Nilifanya kazi naye miaka mitano katika ofisi ya mradi wa chakula cha msaada. Najua majina yale yalivyopotea. Nitafika huko. Lakini kwanza nataka aonekane alivyokuwa, maana si haki mtu mzima abaki kuwa jambo moja, tena la uongo.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake. Hakupenda kuulizwa, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwuliza chochote. Nilimkuta akiwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa hata jua likiwaka, na miwani iliyoshikiliwa na uzi. Ofisi nzima, kuanzia Meneja hadi mpishi wa chai, ilimwita Karani, ingawa makarani tulikuwa sita.

Ujana wake ulipita Nairobi, katika chumba cha kutoboa kadi. Hiyo ilikuwa miaka ya sitini na sabini, kompyuta ilipokuwa na ukubwa wa nyumba na haina hata kioo cha kutazamia. Ulichotaka kuiambia ulikitoboa kwenye kadi za karatasi ngumu. Msichana mmoja alitoboa, kisha kadi zile zile zikaenda kwa msichana mwingine, akapiga maneno yale yale upya kwenye mashini ya kuhakiki. Mahali ambapo vidole vya wawili hao havikupatana, mashini iligoma.

"Sheria ilikuwa moja," Karani alituambia kila alipoajiriwa mtu mpya. "Hakuna anayehakiki kazi yake mwenyewe. Jicho lako ni ndugu ya mkono wako. Litauficha."

Sheria hiyo alikuja nayo Kabati, na kwetu ilifaa kuliko alivyojua mtu yeyote wa Nairobi. Kompyuta zetu zilitumia jenereta, na jenereta iliwashwa saa mbili asubuhi ikazimwa saa sita mchana. Huwezi kujaribu na kujaribu tena kwa umeme wa saa nne, huku makarani watano wakingoja waingize fomu za familia. Kwa hiyo kila programu iliandikwa kwanza kwa kalamu, mchana, baada ya jenereta kunyamaza, halafu mtu mwingine akaketi mbele ya mwandishi na kuisoma kwa sauti.

Kusoma kwake sikupata kukuona kwa mtu mwingine. Alisoma kila alama. Mwisho wa kila amri panatakiwa nukta-mkato, na yeye badala ya kuitaja aligonga meza kwa kifundo cha kidole. Mabano yakifunguliwa aliinua kidole cha mkono wa kushoto, yakifungwa akakishusha. Lugha ile kavu ya mashini aliisoma kwa lafudhi ya Kikamba, taratibu, kama mzee wa kanisa anayesoma orodha ya wazazi wa wafalme, na alikuwa na subira hiyo hiyo kwa majina yasiyo na maana. Akifika mwisho wa ukurasa na kidole kimoja bado kiko juu, hakusema kitu. Alikutazama tu, kidole hewani, mpaka wewe mwenyewe utafute ulichosahau kufunga.

Mimi nilitazamwa hivyo mara nyingi, na kila mara nilitamani sakafu inimeze.

Lazima niseme ukweli juu yangu, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Sikusomea kompyuta mahali popote. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani, nikajifundisha kwa kitabu kimoja ambacho kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeng'olewa pamoja na sura ya tisa nzima. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana hofu ya aina yake: hajui ni kipi asichokijua. Kila nilipoona mtu amesoma shule halisi niliamini kwamba jibu la kila kitu lilikuwa ndani ya ile sura ya tisa. Nikawa mtu wa kurudia. Nikikosea neno moja kwenye ukurasa, sikulifuta, niliuandika ukurasa wote upya. Nilipanga mistari ya programu zangu kwa rula. Karani aliniita Profesa, na hakuwa akinisifu.

"Profesa ameandika vizuri kweli," angesema akiinua karatasi kuelekea dirishani. "Hata mchwa akiiona ataogopa kuila. Sasa tuone kama inafanya kazi."

Kazi ya kutafuta kosa ndiyo aliyonifundisha hasa. Mashini ikiikataa programu, hutoa neno moja la lawama na nambari ya mstari. Mimi niliutazama mstari huo mpaka macho yakauma, kwa kuwa niliamini mashini haisemi uongo. Siku moja alinikuta hivyo, akachukua rula, akaufunika mstari wangu kabisa.

"Usitazame ulipoangukia," akasema.

"Lakini Mama, imeandika mstari wa kumi na nne."

"Imekuambia mahali ilipochoka kungoja. Kitu ilichokuwa inangoja ulikiacha huko juu. Panda."

Tukapanda, yeye akisoma kutoka chini kwenda juu, mstari baada ya mstari. Kwenye mstari wa tisa hakugonga meza. Nukta-mkato haikuwapo. Mistari yote mitano iliyofuata ilikuwa mizima kabisa, lakini mashini ilikuwa imeimeza kama amri moja ndefu hadi ikapaliwa.

Watu wasimfanye malaika, maana wapo wanaofanya hivyo pia, hasa kanisani, ili wasilazimike kumtetea. Alikuwa mkali bila kipimo. Alimliza karani mmoja, msichana mpole kutoka Matiliku, kwa sababu ya kuandika nyumba ya watu wanane kuwa ya watu watatu, na hakuomba radhi hata alipogundua kwamba fomu yenyewe ilikuwa imeandikwa vibaya. Alicheza drafti na mafundi wa gereji ya jirani kwa vifuniko vya soda, na alikuwa mwizi wa mchezo. Kifuniko chake kiliweza kurudi mezani bila mtu kuona kilivyotoka mfukoni. Alipigania majina ya watu kama mbwa anavyopigania mfupa, lakini yeye mwenyewe hakumwita mtu yeyote jina lake. Alikuwa na "wewe wa Matiliku", "wewe wa viatu", na Profesa. Nadhani aliona kwamba jina ni la kuandikwa vizuri, si la kupigiwa kelele ofisini.

Halafu kulikuwa na zile karatasi. Printa yetu ilitumia karatasi ndefu zenye matundu pembeni, na zilizokwisha kutumika alizibeba nyumbani zikafunikie vitabu vya wajukuu wa jirani. Kila mtu alijua. Mara chache katikati ya zilizotumika palikuwa na safi pia. Hilo nalo kila mtu alilijua, hata Meneja, ambaye gari la mradi lilimpeleka harusini kila Jumamosi.

Sasa niseme juu ya askari.

Orodha ya familia zinazopata mahindi na maharagwe ilikaa kwenye databesi, ndani ya jedwali moja kubwa. Kabla sijaajiriwa, majina yalikuwa na tabia ya kutoka yenyewe. Mjane angekuja siku ya lori akaambiwa hayupo, na mahali pake pana mtu ambaye ukiuliza sana utakuta ni shemeji wa mjumbe wa kamati. Nani amemtoa? Hakuna. Mashini. Karani alipoajiriwa alisema mashini haina shemeji. Alidai iwekwe amri ya kulinda, ile ambayo wataalamu huiita triga. Ni programu fupi inayokaa ndani ya databesi yenyewe, kimya, na mtu yeyote akigusa jedwali, kwa kuingiza, kubadilisha au kufuta jina, inafyatuka na kuandika mahali pengine: jina gani, lini, kwa mkono wa nani. Hupigi simu kuiita. Iko pale pale. Sisi tuliiita askari.

Meneja alichelewesha jambo hilo karibu mwaka. Mwishowe akaja Mtaalamu kutoka Nairobi na disketi yake mkononi, askari ameshaandikwa, ameshajaribiwa huko. Alipomweka kwenye mashini yetu, mashini ilikataa. Akajaribu tena. Ilipofika saa tano alikuwa amevua koti.

Karani akaomba apewe programu hiyo kwenye karatasi. Mle ndani mlikuwa na orodha fupi ya vijiji vyetu, na kwa lugha ile kila jina hufunguliwa na kufungwa kwa alama ndogo ya juu, sawa na ile ya ng'. Alisoma kwa utaratibu wake, kidole juu, kidole chini, hadi kwenye kijiji cha Kang'alu, na kidole kikashuka katikati ya jina.

"Hapa umefunga mlango na mgeni ana mguu mmoja ndani," akamwambia.

Mtaalamu akaangalia. "Basi tuandike Kangalu tu. Ni kitu kidogo."

"Kangalu ni wapi?"

"Ni hapo hapo, mama. Watu wataelewa."

"Mimi nimeuliza Kangalu ni wapi. Watu wa huko siwajui. Na wale wa Kang'alu wakija na magunia yao, utawaambia kijiji chao kilikuwa kirefu mno kwa mashini yako?"

Ilikuwa kazi ya dakika moja; kitabu chake mwenyewe kilieleza kwamba alama hiyo ikiandikwa mara mbili mashini inaielewa. Akaiandika mara mbili. Askari akakubaliwa. Kwenye ripoti yake Mtaalamu aliandika kwamba amefanya marekebisho madogo, na Karani hakutajwa hata kwa cheo. Nilikasirika kwa niaba yake. Yeye aliikunja nakala ya ripoti akaisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Tangu siku hiyo alianzisha daftari. Askari akiguswa, iandikwe: nani amemgusa, kwa nini, nani amehakiki. Kila Ijumaa aliandika mstari mmoja, "Askari amekuwa kazini wiki nzima," akatia sahihi. Nakala safi ya programu, ile ya karatasi, aliifungia kwenye kabati lake. Kwa miaka zaidi ya mitatu hakuna jina lililotoka bila kujulikana. Hakuna aliyempa shukrani. Mlinzi husifiwa na nani, kama hakuna kilichoibiwa?

Halafu mimi nikataka kuboresha.

Wageni wa mradi walikuwa waje Jumatatu, na nilikuwa nimeona kwamba askari anaandika saa kwa namna mbili tofauti, wakati mwingine na sekunde na wakati mwingine bila. Haikumdhuru mtu yeyote. Lakini ilinikosesha raha. Niliongeza mistari mitano ya kunyoosha jambo hilo, nikaipanga vizuri sana. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Karani alikuwa ameenda Matiliku kumzika dada yake. Angerudi Ijumaa. Sheria ilisema ningoje. Nilijiambia ni mistari mitano tu, na kwamba nimeisoma mara ishirini. Niliisoma kweli mara ishirini. Kwa jicho langu.

Mashini ilimpokea askari mpya ikasema ameundwa akiwa na makosa. Asiyejua angefikiri basi hayupo. Yupo, na ndio ubaya wenyewe: askari mbovu hafi, anasimama mlangoni na kukataza kila mtu. Yule msichana wa Matiliku akajaribu kuingiza fomu ya kwanza, ikakataliwa. Wa pili, vivyo hivyo. Mstari uliotajwa ulikuwa wa ishirini na sita, na haukuwa na kosa lolote. Nilijua natakiwa kupanda juu. Nilipanda, nikashuka, nikapanda, lakini sikusikia kitu, kwa sababu hofu ina kelele. Nakala safi ilikuwa kabatini na ufunguo ulikuwa matangani Matiliku. Ningeweza kutuma mtu. Nilifikiria atakachosema akiniona, kidole hewani mbele ya wenzangu wote, na sikutuma.

Saa tano Meneja alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Kijana, shida iko wapi?"

"Ni askari, bwana. Nilikuwa namrekebisha."

"Na fomu za watu zinangoja? Ondoa hiyo kitu, kazi iendelee."

"Karani hayupo, bwana."

"Nimeuliza Karani yuko wapi?"

Nikamwondoa askari. Ilikuwa amri ya maneno matatu. Makarani wakaendelea na kazi, mmoja akanipiga bega akanishukuru.

Jedwali lilikaa wazi kutoka Jumatano saa tano hadi Ijumaa asubuhi. Ijumaa, mara tu jenereta ilipowaka, nililiona kosa langu: nilikuwa nimefungua sharti, yaani amri ya 'ikiwa', na sikulifunga. Nikalifunga, askari akakubaliwa, mistari mitano na yote. Karani aliingia saa moja baadaye, macho yamevimba, udongo mwekundu bado kwenye viatu. Kwenye daftari sikuwa nimeandika kitu. Akalifungua.

"Askari alilala?" akaniuliza. Ndivyo alivyouliza kila Ijumaa, kwa mzaha.

"Hapana, Mama."

Akatia sahihi.

Maneno yangu hayo mawili nimeyabeba hadi leo. Nilikuwa na sekunde kama nne za kusema vingine, na katika sekunde hizo niliwaza tu kwamba kosa limeshapona, kwa hiyo halikuwapo.

Lori lilipofika eneo liitwalo Kwa Vonza, familia arobaini na moja hazikuwa kwenye orodha. Mahali pao palikuwa na familia nyingine arobaini na moja. Watu walifika ofisini kwa miguu, wakapanga foleni dirishani. Mzee mmoja aliweka kitambulisho chake juu ya ubao na kukigeuza kwangu.

"Nisomee hilo jina."

Nikamsomea.

"Sasa ni mimi au si mimi?"

"Ni wewe, mzee. Lakini kwenye mashini hupo."

"Basi nikae hapa ama niende nikamwambie mke wangu kwamba mume wake hayupo?"

Watu nyuma yake wakacheka, kicheko cha wenye njaa. Nikaingia ndani kumtafuta Karani. Alikuwa ameshapiga chapa kumbukumbu zote za askari, anazifuata kwa rula. Hapakuwa na jina lolote lililofutwa. Jumatano hadi Ijumaa palikuwa peupe.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa kanisa. Nitasema jinsi kilivyokuwa, maana nilikuwepo na nilikunywa chai yao. Wajumbe saba wa kamati waliketi upande mmoja wa meza, na wawili kati yao walikuwa na jamaa kwenye ile orodha mpya. Hakuna aliyewaomba waondoke. Palikuwa na mandazi. Meneja akafungua daftari la Karani mahali penye alama.

"Karani, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Umeandika askari alikuwa kazini wiki nzima. Alikuwa kazini?"

"Niliandika hivyo."

"Na kama alikuwa kazini, majina yalitolewaje bila yeye kuona?"

Karani akanitazama mimi, si kwa muda mrefu. Nikatazama mandazi. Meneja pia alijua. Ndiye aliyetoa amri, kwa mdomo wake, nyuma ya kiti changu. Aliendelea kuuliza maswali kwa sauti ya upole, kama mtu anayetafuta ukweli, na sauti ile bado inanichoma. Mjumbe mmoja akasema imeonekana pia kwamba Karani hubeba karatasi za ofisi. Wakalizungumzia suala la karatasi nusu saa. Nusu saa! Juu ya magunia ya familia arobaini na moja hawakutumia hata dakika tano. Aliyefuta majina hakujulikana, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Karani akaachishwa kazi. Mchungaji akaomba tumwachie Mungu, na wote wakasema amina, nami nikasema.

Wiki iliyofuata nilipewa meza yake. Niliikubali. Chini ya mguu mfupi ile ripoti bado ilikuwepo.

Miaka miwili niliiandika barua ya kumwambia. Niliiandika upya kila nilipoona neno halijakaa sawa, na huo ulikuwa ujanja wangu mwingine, maana barua isiyokamilika haitumwi. Mwaka huu niliacha kazi ya mradi. Jumanne moja, siku ya soko, nilishuka Kwa Vonza bila barua, nikaulizia nyumba yake, nikamkuta nyuma ya nyumba akipepeta kunde. Sweta ilikuwa nyingine, ya zambarau.

"Profesa," akasema. "Umekonda. Hawakulishi huko?"

Nilikaa kwenye kigoda nikayasema yote bila kupumzika: mistari mitano, Meneja, amri ya maneno matatu, sharti lililoachwa wazi, "hapana, Mama". Aliendelea kupepeta. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Ijumaa ile ile. Nilipiga chapa iliyo kwenye mashini kabla jenereta haijazimwa, mchana nikailinganisha na nakala yangu ya kabatini. Nikakuta mistari mitano ambayo sikuisoma mimi. Imenyooka kama mistari ya jeshi. Ningemuuliza nani kama ni wewe?"

"Na hukusema. Hata pale kwenye kikao."

Alikasirika. Nilimwona akikasirika, na nilikuwa nimesahau jinsi hasira yake inavyoanzia kwenye mabega. "Ningesema nini? Ningesema nilitia sahihi asubuhi halafu nikasoma mchana? Miaka thelathini nawapigia watu kelele, soma kwanza, soma kwanza. Siku ile nilikuwa nimetoka kumzika dada yangu, nikatia sahihi kwa neno la mdomo. Nikaona mchana, nikasema Jumatatu nitalifuatilia. Jumatatu kulikuwa na wageni. Lori lilitoka Jumanne. Mimi nilikuwa na siku nne, Profesa. Wewe uliniambia uongo wa maneno mawili. Mimi nilikuwa na siku nne nzima na karatasi mkononi."

Nilikuwa nimekuja na hatia yangu kama mtu aliyebeba mzigo wake peke yake, na sasa alikuwa ananinyang'anya nusu.

"Nilikuja kukuomba msamaha, Mama."

"Kwangu ni rahisi. Mimi ni mzee, nitakusamehe, utakunywa uji, utapanda gari urudi kwenu umelala usingizi. Mimi kazi yangu ilikuwa inakaribia kuisha hata hivyo. Mimi nilikosa nini? Meza?" Alifuta mikono kwenye kanga. "Unajua pale sokoni, upande wa nafaka, kuna mama anauza ndengu? Nyumba yao ilikuwa ya kumi na saba kwenye orodha ya waliotolewa. Hapo ndipo ninaponunua ndengu. Miaka miwili. Ananiongezea konzi moja kila nikinunua, eti kwa sababu walinionea. Ninaichukua."

Akasimama, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu.

"Twende."

"Sasa hivi?"

"Ulitaka uandike kwanza?"

Soko halikuwa mbali, na nilitamani liwe mbali. Mama wa ndengu alikuwa mwanamke wa umri wa kati, mwenye kitambaa cha kichwa cheupe, na alimwona Karani kabla hatujafika akaanza kuchota.

"Leo sinunui," Karani akamwambia. "Huyu kijana alikuwa ofisi ya Kabati. Ana neno la kukuambia juu ya jina lenu. Na akimaliza, mimi pia nina langu."

Mama yule alinitazama, akamtazama Karani, kopo likiwa limejaa mkononi. Nikasema kwamba mwaka ule jedwali liliachwa wazi siku mbili, na aliyeliacha ni mimi. Nilianza kueleza triga ni nini. Akanyoosha kiganja kunizuia, akarudisha ndengu ndani ya gunia na kuweka kopo chini.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Nimwite mama mkwe. Yuko pale kwa cherehani. Yeye ndiye aliyeenda na gunia na kurudi nalo tupu."

Akaenda. Tukabaki tumesimama mbele ya magunia yake, mimi na Karani, na mnunuzi mmoja akaja akatuuliza ndengu ni bei gani, na Karani akamwonyesha kwa kidole upande wa cherehani.